Mwalimu Nyerere na sendika alizozifunga

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama wenye munabaki ku nyumba mukingojea habari ya shimo, leo mu ukurasa wetu hatuleti bei ya zahabu wala mambo ya koperative. Tunaleta maisha ya mutu moja ambaye hakuwa Mukongomani na hakushika beleshi ya mugodi, lakini jina lake linatajwa huku kwetu kwa heshima kuliko majina ya wengi wenye walitutawala. Ni Julius Kambarage Nyerere, raisi wa kwanza wa Tanzania, aliyekufa mu mwaka wa 1999. Watoto wa Beni wanamujua kupitia askari wa Tanzania wenye walifika kwetu tangu 2013 mu kikosi cha MONUSCO, wale wenye wenzao karibu 15 waliuawa ku kambi ya Semuliki tarehe 7 mwezi wa kumi na mbili 2017. Askari wale, ukizungumuza nao kidogo mu Kiswahili, hawachelewi kumutaja Mwalimu.

Sababu ya kumuchagua ni hii. Mu mikutano yetu ya sendika, ikiwa Butembo, ikiwa Beni, ikiwa kule Manguredjipa, mazungumuzo hayamalizikaki bila muzee moja kusimama na kuanza kulilia Zaire. Wakati wa Zaire, anasema, mutu alilala usiku bila kusikiliza risasi, shamba lake lilikuwa lake, na mufanyakazi wa kampuni akigonjwa, kampuni ilimutibisha. Vijana wenye hawakuzaliwa ile wakati wanapiga makofi. Sisi tunanyamaza, juu tunajua kwamba muzee hasemi uongo. Huku Beni, ambako watu wanachinjwa mu mashamba yao tangu 2014, nani atamukatalia muzee kulilia siku za usingizi?

Hatuko peke yetu. Wajerumani wa upande wa mashariki, wenye waliishi chini ya ukomunisti mupaka 1989, walitunga neno lao, Ostalgie, la kuita ile hamu ya maduka, nyimbo na kazi za zamani. Mu inchi zenye zilikuwa Yugoslavia, kuna watu wanaopeleka maua ku kaburi la Tito mupaka leo. Na mu Tanzania wanamulilia Mwalimu na Ujamaa wake. Wasomi wa vyuo vikuu wanalichunguza jambo hili, wanaandika vitabu. Sisi hatukufika chuo kikuu, sekondari njo ilikuwa mwisho wetu. Lakini swali linatugusa mu mufuko.

Mwaka uliopita, ku shimo moja ambalo hatutalitaja, mwenye shimo, ule tunamuitaka PDG, alikusanya watu wake jioni. Aliwaambia kwamba wote ni jamaa moja, yeye ni baba, na baba mwema hana lazima ya sendika mu nyumba yake. Mutu akigonjwa atamupeleka hospitali, mutu akifa atanunua sanduku. Alimutaja Nyerere kwa jina, akasema ujamaa maana yake ni hiyo. Kesho yake vijana watatu walirudisha kadi zetu. Bwana yule hakutisha mutu, hakufukuza mutu, na kusema kweli analipa vizuri kuliko majirani yake. Hiyo njo ilituumiza kichwa. Angekuwa mubaya, tungejua la kusema. Basi tukaenda kutafuta maisha ya Mwalimu, tuyasome polepole.

Alizaliwa tarehe 13 mwezi wa nne 1922 mu kijiji cha Butiama, karibu na muji wa Musoma, upande wa mashariki wa Ziwa Victoria. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki. Mama yake, Mugaya, alikuwa bibi wa tano kati ya bibi 22. Kambarage ni jina la roho ya mvua, na walimupa jina hilo juu mvua ilinyesha mingi siku alizaliwa. Wazanaki ni kabila ndogo. Jambo hili tusilipite haraka. Mutu wa kabila kubwa anaweza kusimama mu uchaguzi akibebwa na wajomba zake tu, na sisi wa Kivu tunajua hiyo inatufikishaka wapi. Mutu wa Butiama hakuwa na jeshi la wajomba. Alilazimika kuongea na kila mutu, na kuongea na kila mutu mu Tanganyika ilikuwa ni kuongea Kiswahili.

Alianza shule akiwa na miaka karibu 12, ku Mwisenge, Musoma. Toka pale akaenda Tabora, kisha Makerere kule Uganda mu 1943, mwaka ule ule alibatizwa Mukatoliki na kupewa jina Julius. Akafundisha Tabora, akaenda kusoma Edinburgh tangu 1949 mupaka 1952, akarudi, akamuoa Maria mu 1953, akafundisha ku shule ya wamisionere ya Pugu, karibu na Dar es Salaam. Tarehe 7 mwezi wa saba 1954 yeye na wenzake walianzisha chama cha TANU. Mwaka wa kufuata alienda New York kusema maneno ya Tanganyika mbele ya Umoja wa Mataifa. Aliporudi ilibidi achague, shule ama chama. Aliacha kazi na mushahara wake, akiwa na bibi na mutoto mudogo. Jina Mwalimu lilibaki naye mupaka kaburini.

Sasa hapa sendika zinaingia, na hapa tutakaa kidogo.

Watu wanafikiri uhuru wa Tanganyika ulikuja na hotuba za Mwalimu tu. Hapana. TANU ilikuwa na maneno, lakini wafanyakazi ndio walikuwa na nguvu ya kusimamisha kitu. Mu 1955 sendika za inchi ile ziliungana mu shirikisho moja, TFL, na katibu wake mukuu alikuwa Rashidi Kawawa. Mule walikuwa wapakiaji wa bandari, watu wa reli, watu wa mashamba ya mukonge. Mu 1960 watu wa reli, wakiongozwa na Christopher Tumbo, walifanya mugomo, wenye sisi tunaitaka grevi, zaidi ya miezi miwili. Mwenye amekwisha kufanya grevi ya siku tatu tu anajua miezi miwili ni nini: ni kadogo kulala njaa, ni mwenye nyumba kugonga mulango, ni bibi kuuza kitenge cha arusi. Serikali ya Waingereza iliona kwamba hawa watu hawatatawaliwa tena kwa urahisi. Uhuru ukafika tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili 1961, bila vita. Huku kwetu ile wakati Lumumba alikuwa amekwisha kuuawa, karibu mwaka muzima mbele.

Nyerere alifanya kitu chenye hatujaona wengine wakifanya. Alikuwa waziri mukuu wa inchi huru kwa wiki sita hivi, halafu akaacha kiti, mu mwezi wa kwanza 1962, akamuachia Kawawa, yule wa sendika, na yeye akaenda kutembea mu vijiji kutengeneza chama. Akarudi kuwa raisi mwisho wa mwaka ule.

Lakini ndoa ya chama na sendika ilikuwa imeanza kupasuka. Sendika ziliomba mishahara ipande, na kazi za wazungu zipewe Waafrika haraka. Mwalimu aliona mambo namna ingine. Kwake, watu wenye kupokea mushahara walikuwa kidogo sana, na walimaji walikuwa karibu inchi yote. Mufanyakazi akivuta mushahara kwa nguvu, anavuta sahani ya mulimaji. Tusicheke wazo hili. Sisi wenyewe tunapopigania bei ya tola moja ya zahabu, tumekwisha kuuliza siku moja mama mwenye kuuza foufou ku mugodi anapata nini? Wazo lilikuwa na ukweli ndani. Ila Mwalimu hakuliacha libaki wazo la kubishana. Aliligeuza sheria.

Mu 1962 sheria mpya ilifanya grevi iwe karibu haiwezekani. Mwaka ule ule ilipitishwa sheria ingine, ya kumufunga mutu bila kumupeleka korti. Mwanzo wa 1963, Victor Mkello, mukubwa wa TFL na wa sendika ya mashamba ya mukonge, alitumwa kukaa Sumbawanga, kule mbali mu kusini magharibi, mbali na wafanyakazi wake. Tumbo, ule wa grevi ya reli, alikuwa amepewa kiti cha balozi London, akakiacha, akaanza chama cha kupinga, naye akaishia kifungoni.

Halafu ikafika tarehe 20 mwezi wa kwanza 1964. Askari wa Dar es Salaam waliasi, wakitaka mushahara na wakubwa Waafrika. Mwalimu alijificha siku kidogo, na kwa aibu kubwa akaomba askari wa Uingereza waje kumusaidia. Walifika tarehe 25 na uasi ukaisha. Serikali ikasema kwamba kuna viongozi wa sendika walitaka kushikana mukono na wale askari. Wakakamatwa wengi. Kabla mwezi wa pili haujaisha, TFL ilivunjwa na sheria, na mahali pake ikawekwa sendika moja ya inchi yote, NUTA. Katibu mukuu wake hakuchaguliwa na wafanyakazi. Aliwekwa na raisi. Na wa kwanza kuwekwa, Michael Kamaliza, alikuwa wakati ule ule waziri wa kazi. Fikiri kidogo, ndugu. Una shida na serikali, unaenda kwa sendika, unamukuta waziri amekaa ku meza. Unatoka pale, unaenda kwa waziri, unamukuta ni ule ule.

Kamaliza mwenyewe hakumaliza vizuri. Mu 1969 alikamatwa kwa mashitaka ya kutaka kupindua serikali, na mu 1971 korti ikamutia kifungo. Kiti chenye raisi alimupa hakikumukinga na kitu.

Wazee wetu wa Zaire watakuwa wamekwisha kutambua wimbo. Mu 1967 Mobutu naye aliziunganisha sendika zetu kwa nguvu kuwa moja, UNTC, yenye kisha ikaitwa UNTZa. Mukubwa wake wa kwanza, Bo-Boliko, alipanda kuwa mukubwa wa bunge, kisha mukubwa wa serikali. Na mwaka ule wa 1967 ulifanana mu mambo mengine. Tarehe 1 mwezi wa kwanza Mobutu aliikamata Union Minière ya Katanga. Tarehe 5 mwezi wa pili Nyerere akatangaza Azimio la Arusha, na kesho yake akazifanya benki kuwa mali ya inchi. Mutu angesoma magazeti ya miezi ile miwili, angefikiri hawa ni mapacha.

Hawakuwa mapacha. Mobutu alichukua mali ya wazungu, na mu 1973 maduka na mashamba ya wageni, akayagawa kwa watu wake. Azimio la Arusha lilianza kwa kuwafunga mikono wakubwa wenyewe. Kiongozi wa TANU ama wa serikali hakuruhusiwa kuwa na mishahara miwili, wala hisa mu kampuni, wala nyumba ya kupangisha. Mwalimu alijifunga kamba ile ile. Mwaka moja mbele, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kukataa kazi ya lazima ya kujenga taifa, na mushahara wake mudogo, aliwafukuza karibu 400, ni kweli, lakini siku ile ile alikata mushahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mobutu alijenga majumba ya marmari kule Gbadolite na akafia Rabat, mu 1997, mbali na watu wake. Nyerere aliporudi kijijini kwake, jeshi ndilo lilimujengea nyumba nzuri ya uzeeni, na hakuikalia siku nyingi. Hapa tunakubaliana na kila Mutanzania mwenye kumulilia. Mutu wa namna ile hatujapata.

Na kazi yake ilionekana. Alikuta watu wengi hawajui kusoma, akaacha wengi sana wanajua, mpaka wazee wa vijijini waliketi ku madawati ya watoto wao. Kiswahili alikifanya luga ya serikali na ya shule za musingi, na yeye mwenyewe alitafsiri michezo miwili ya Shakespeare, ule wa Julius Caesar na ule wa Mabepari wa Venisi. Usiku wa kazi za serikali raisi anatafuta neno la Kiswahili linalofaa! Wapigania uhuru wa Mozambique na wa Afrika ya Kusini walipata kambi na chakula kwake. Hata waasi wa kwetu wa mashariki walipita kwake. Mu 1965 Che Guevara alivuka ziwa toka Kigoma kuja upande wa Fizi, na Laurent-Désiré Kabila aliishi miaka mingi akienda na kurudi Dar es Salaam.

Juu ya madini, Watanzania wanamukumbuka kwa wazo moja ambalo sisi wachimbaji tunaliona gumu. Alipenda madini yabaki chini ya udongo mupaka watoto wa inchi wasome na waweze kuyatoa wenyewe. Udongo hauozeshi zahabu. Ni wazo la mutu mwenye subira. Lakini mwenye njaa ya leo atakula nini wakati zahabu inangojea? Wazo hilo tunaliheshimu, na hatuwezi kulifuata mu Butembo hata wiki moja.

Sasa yale yenye watu hawapendi kukumbuka. Ujamaa ulianza kwa kuwaomba watu wahamie mu vijiji vya pamoja kwa hiari yao. Wengi hawakuhama. Mu 1973 hiari ikaisha, amri ikatoka, na kufika 1976 mamilioni ya watu walikuwa wamehamishwa. Mahali pengine watu walipakiwa mu malori na nyumba zao zikachomwa ili wasirudi. Sisi wenye tumekimbia vijiji vyetu, tukiona moshi nyuma, hatuna lazima ya kuelezewa hiyo. Tofauti ni kwamba ule aliyechoma aliamini anawaletea shule na maji, na mara ingine vilikuja kweli. Mwenye kuchomewa nyumba alishukuru? Wengine ndiyo, baadaye sana. Wengine walikufa wakiwa na kinyongo.

Na wafanyakazi? Hapa kuna kipande ambacho kila mutu wa sendika angefaa kukijua. Mu 1971 TANU ilitoa Mwongozo, na ndani yake kulikuwa maneno ya kukataza wakubwa kuwa na kiburi na kuwaonea walio chini. Wafanyakazi walichukua maneno yale kwa ukweli wake. Tangu 1971 mupaka 1973, mu kampuni nyingi, walisimamisha kazi, wakafungia nje wakubwa wenye matusi, wakishika mu mukono karatasi ya chama chenyewe. Hawakuwa wapinzani wa Mwalimu. Walikuwa wanafunzi wake. Mu 1973, ku kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walimuondoa mwenye kiwanda na kuendesha kazi wao wenyewe. Serikali ya wafanyakazi na walimaji ilijibu kwa polisi, na watu wakafukuzwa. NUTA, sendika yao moja, haikuwa upande wao. Ingekuwa vipi upande wao, wakati mukubwa wake aliwekwa na yule yule mwenye kutuma polisi?

Tuliposoma kipande hiki, mu chumba chetu cha mukutano, kulikuwa kimya. Muzee moja wa zamani wa Zaire, ambaye alifanya kazi ya kampuni miaka mingi, alitoa mu mufuko kadi yake ya UNTZa, imechakaa, imekunjwa mara nne. Alituelezea kwamba pesa ya sendika ilikatwa ku mushahara kila mwezi bila kumuuliza. Delege alikuja na nembo ya MPR ku kifua, akasema wacheze kwa ajili ya Muongozi. Wakacheza. Tukamuuliza kama delege yule alikwisha kumutetea mutu. Akafikiri sana, akasema delege alikuwa mutu muzuri, alileta samaki ya chumvi mara moja wakati wa kilio.

Turudi kwa Mwalimu. Mwisho wa 1978 Idi Amin alivamia Kagera. Jeshi la Tanzania lilimufukuza mupaka Kampala ikaanguka mu mwezi wa nne 1979, na askari wa Amin wengine walikimbilia huku kwetu Zaire. Vita ile ilikula pesa ya inchi, mafuta yalipanda bei, viwanda vya serikali vililala. Watanzania wa miaka ile walipanga mistari kwa sabuni, kwa sukari, kwa kitambaa. Mwalimu aligombana miaka mingi na watu wa Washington wenye kukopesha pesa na kudai inchi ikate matumizi yake. Mu 1985 aliacha uraisi kwa hiari yake, kitu ambacho mu Afrika ya ile wakati kilikuwa kama muujiza, na Ali Hassan Mwinyi akashika. Mwaka moja kisha, mkataba na wale wa Washington ulitiwa sahihi.

Mu miaka yake ya mwisho alikubali kwamba chama kimoja kiishe, hata kama Watanzania wengi walioulizwa walijibu kibaki. Vyama vingi vilirudi mu 1992. Alienda Arusha kupatanisha Warundi, na kazi hiyo hakuimaliza. Alikufa ku hospitali London, kwa kansa ya damu, tarehe 14 mwezi wa kumi 1999, akazikwa Butiama tarehe 23. Tangu 2005 jimbo katoliki la Musoma lilianza kazi ya kuomba atangazwe mutakatifu. Wakatoliki wa Butembo-Beni wenye kusoma hapa waombe kama wanapenda. Sisi hatuzuii, ijapokuwa tungependa mutu moja kule Vatikano afungue pia faili ya 1964.

Kwa nini basi Watanzania wanamulilia zaidi ya vile walimupenda wakati wa mistari ya sabuni? Tazama kilichofuata. Mu 1991 chama chake chenyewe, kule Zanzibar, kilifungua ile kamba ya Arusha, na wakubwa wakaruhusiwa tena kuwa na hisa na nyumba za kupangisha. Mu 1996, kule Bulyanhulu, maelfu ya wachimbaji wadogo kama sisi walifukuzwa ku mashimo yao ili kampuni ya wageni iingie. Mutu aliyefukuzwa pale, akisikia sauti ya Mwalimu ku redio, anasikia sauti ya mukubwa ambaye hakuiba. Halilii NUTA. Halilii lori la 1974. Analilia mukubwa ambaye hakuiba.

Kuna wachimbaji wengine, mbali sana, wenye kufanana nasi zaidi. Mu bonde la Jiu, inchi ya Romania, wachimbaji wa makaa karibu 35.000 walifanya grevi mu mwezi wa nane 1977, wakati serikali ya kikomunisti ilipokata haki zao za pansioni. Raisi Ceaușescu mwenyewe ilibidi aje kusimama mbele yao na kuahidi. Alipoondoka, viongozi wa grevi walitawanywa mu mikoa ya mbali, mmoja mmoja, kama vile Mkello alitumwa Sumbawanga. Ukomunisti ukaanguka 1989. Tangu 1997 mashimo yakaanza kufungwa, makumi ya maelfu wakapoteza kazi. Na leo, mu bonde lile lile, kuna wazee wenye kusema kwamba wakati wa Ceaușescu ilikuwa afazali. Labda mu wale wazee kuna wenye walimuzomea mu 1977. Hatuwacheki hata kidogo. Mwenye shimo limefungwa anakumbuka mushahara, hakumbuki polisi.

Tulirudi ku lile shimo la mwaka uliopita, na maisha haya ya Mwalimu mu daftari. PDG alitupokea vizuri, akatupa kiti na chai. Tulimuelezea kwamba Nyerere alikuwa baba mwema kuliko yeye na kuliko sisi, na siku watoto wake walimwambia mukubwa fulani anaonea watu, walikutana na polisi, juu ule wa kuwasemea alikuwa amekwisha kufungwa miaka mingi mbele. Tulimuuliza: siku yeye atakufa, ama atauza shimo kwa mutu mwingine, ahadi ya hospitali na sanduku imeandikwa wapi? Alicheka, akasema hajafikiria kufa. Tukamuomba aiandike tu, karatasi moja, na wachimbaji watie sahihi. Akasema ataona.

Ni miezi mine sasa, karatasi haijatoka. Wale vijana watatu walikuwa wamesimama karibu wakati tunaongea. Moja wao alikuja Jumapili kuchukua kadi yake. Wawili bado.